Mwanahabari kwenye lango la shule ya upili: mwongozo kamili wa kuingia, kurekodi na kutoka

Ruhusa ni tatu. Ya kwanza ni ya kuingia shuleni, ya pili ni ya kurekodi, ya tatu ni ya kumhoji mwanafunzi, na kila moja ina mwenyewe. Mlinzi wa getini hana uwezo wa kukupa ya pili. Mwalimu mkuu hawezi kukupa ya tatu akiwa peke yake, na mzazi aliyekubali mwanawe ahojiwe hawezi kukufungulia lango. Wanahabari wengi wanaorudishwa, au wanaolazimishwa kufuta picha walizokwisha kupiga, walikuwa na mojawapo wakadhani inatosha.

Mwongozo huu unahusu shule za upili za Kenya, za umma na za kibinafsi, za bweni na za kutwa. Anayevuka mpaka kwenda Tanzania atakuta maelezo yake mbele.

Kwa nini walinzi ni wakali

Mwaka 2001 moto uliwaua wanafunzi 67 katika bweni la shule ya upili ya Kyanguli, Machakos. Mwaka 2017 wasichana 10 walikufa katika Moi Girls, Nairobi. Visa vyote viwili vilihusishwa na moto uliowashwa makusudi kutoka ndani. Katikati yake, Aprili 2015, magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148. Chuo si shule ya upili, lakini baada ya siku hiyo hakuna lango la taasisi ya elimu nchini lililobaki kama lilivyokuwa.

Kwa hiyo mlinzi anapofungua begi lako hatafuti bunduki tu. Anatafuta kitu cha kuwashia moto na kitu chochote ambacho mwanafunzi haruhusiwi kuwa nacho: simu, pombe, sigara, hata mkate. Ukilielewa hilo utajua cha kuacha nyumbani. Kiberiti cha gesi kilichosahaulika kwenye mfuko wa kamera kinaweza kukuchelewesha nusu saa. Kibaya zaidi ni jerikeni ya petroli ya jenereta ndani ya buti ya gari la kituo. Gari lenye petroli ya akiba lisifike shuleni kabisa. Liache kituo cha mafuta au chukua betri badala ya jenereta.

Barua, na nani wa kuiandikia

Kwa shule ya umma barua humwendea mwalimu mkuu, na nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Nakala hiyo ndiyo inayofungua milango. Walimu wa shule za umma ni waajiriwa wa TSC, tume ya kuajiri walimu, shule yenyewe iko chini ya Wizara ya Elimu, na mwalimu mkuu anayezungumza na kamera bila wakubwa kujua anajiweka pabaya. Akiona mkurugenzi ana habari, atakupokea kwa moyo mweupe. Ukipanga kuzuru shule kadhaa za kaunti moja, anzia kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti upate barua moja ya kuonyesha kila mahali.

Shule ya kibinafsi huamuliwa na mwenye shule au mkurugenzi wake. Mwalimu mkuu anaweza kukubali asubuhi, mwenye shule akakataa mchana, kwa hiyo omba jibu lenye sahihi ya mwenye neno la mwisho. Shule zenye mfadhili wa dini, na ni nyingi, huhitaji pia mfadhili ajulishwe ikiwa habari inagusa ibada, mavazi ya dini au uongozi.

Barua isizidi ukurasa mmoja na iwe na mambo haya:

1. Majina kamili ya kila atakayekuja, dereva akiwemo, nambari za vitambulisho na nambari za kadi za Baraza la Vyombo vya Habari.
2. Aina na nambari ya usajili ya gari.
3. Mada, kwa sentensi mbili. Usiandike "masuala ya elimu". Andika "jinsi maabara mpya inavyotumika na wanafunzi wa sayansi".
4. Sehemu mnazotaka kuingia, zikitajwa moja moja: darasa, maabara, uwanja, jikoni.
5. Mnataka kuzungumza na nani, na wanafunzi wangapi.
6. Tarehe, saa ya kufika na saa ya kuondoka.
7. Itatoka wapi: redio, televisheni, gazeti, mtandao, au vyote. Mzazi aliyekubali redio hajakubali YouTube.
8. Jina na simu ya mhariri anayeweza kupigiwa kuthibitisha.

Nambari ya nane hupuuzwa sana, na ndiyo ambayo sekretari wa shule huanza nayo. Mhariri asipopokea simu, barua huwekwa pembeni. Mwambie mapema atarajie simu hiyo.

Ipeleke siku tano hadi saba za kazi kabla ya ziara ya kawaida, na wiki mbili kabla ya kazi ya siku nyingi au inayohusu mabweni. Kwa kazi ndefu na watoto, shule nyingine huomba cheti cha maadili mema kinachotolewa na DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai. Kiombe mapema, hakiji kwa siku moja. Baada ya barua, piga simu siku moja kabla. Mwalimu wa zamu hubadilika kila wiki na huenda wa wiki hii hajaambiwa lolote.

Kuna kundi la mambo ambayo hayahitaji uingie hata kidogo. Ukitaka hesabu za ujenzi wa bweni au orodha ya karo zinazotozwa, shule ya umma ni taasisi ya umma chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andika ombi, lazima lijibiwe ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Likinyamaziwa, Tume ya Haki ya Utawala ndiyo mahali pa kulalamika. Kuvizia langoni na kamera hakutakupa vitabu vya hesabu.

Saa ya kufika

Epuka Jumatatu na Ijumaa asubuhi, wakati wa gwaride la bendera, isipokuwa gwaride lenyewe ndilo habari. Masomo huanza saa mbili asubuhi na kwa utaratibu wa wizara huisha saa tisa unusu alasiri, kisha michezo na vyama. Saa nzuri ya kufika ni mapumziko ya chai, karibu saa nne: mwalimu mkuu amekwisha kushughulika na dharura za asubuhi, na hukatizi kipindi. Baada ya chakula cha mchana watoto huwa wamechoka na sauti za jikoni huharibu rekodi. Katika shule ya kutwa maliza kazi mapema. Kamera inayotoka saa kumi na moja jioni pamoja na wanafunzi huishia kuzungukwa barabarani, na hapo huna ruhusa ya mtu yeyote.

Getini

Simamisha gari nje ya kizuizi, zima injini, shusha vioo, na kamera ibaki ndani ya begi. Kamera iliyo begani wakati unasalimia inamwambia mlinzi kwamba umeshaanza kurekodi, na amefunzwa kukataa. Salamu kwanza, kisha jina, kisha nani anakungoja: "Mwalimu mkuu anatungoja saa nne, barua yake hii hapa." Mlinzi atapiga simu ofisini. Mwache apige. Ukimpita na kupiga mwenyewe simu ya mwalimu mkuu ili umwoneshe unafahamiana naye, umemtia aibu, na yeye ndiye utakayehitaji wakati wa kutoka.

Kitabu cha wageni kwa kawaida kina safu hizi: tarehe, jina, nambari ya kitambulisho, simu, unakotoka, unayemwona, sababu ya ziara, saa ya kuingia, saa ya kutoka na sahihi. Jaza kila mtu wake. Mpiga picha na dereva wasiandikwe kama "na wengine wawili". Moto ukizuka, mwalimu wa zamu huchukua kitabu hicho pamoja na daftari za mahudhurio na kuwaita watu kwenye uwanja wa kukusanyika. Mtu ambaye hayuko kitabuni hatatafutwa. Vivyo hivyo, aliyeondoka bila kuandika saa ya kutoka anaweza kumfanya mtu arudi ndani ya moshi kumtafuta.

Kwenye safu ya sababu andika "habari" na jina la chombo chako. Kuna wanaoandika "mzazi" au "kuona mwalimu" ili wapite haraka. Huo ni udanganyifu ulioandikwa kwa mkono wako mwenyewe na kutiwa sahihi, na malalamiko yakifika kwa Baraza la Vyombo vya Habari, ukurasa huo ndio utakaoletwa mezani.

Kuhusu kitambulisho: Sheria ya Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016 inamruhusu mlinzi kukuuliza utambulisho na kuandika saa zako. Ilimruhusu pia kushikilia kitambulisho kwa muda, lakini mwishoni mwa 2023 mamlaka inayosimamia kampuni za ulinzi iliagiza zoea hilo likome kwa sababu ya ulinzi wa data. Hata hivyo walinzi wengi wa shule za umma wameajiriwa na bodi ya shule, si kampuni, na kisanduku cha vitambulisho bado kipo kwenye vibanda vingi. Mwombe kwa upole aandike nambari tu. Akishikilia msimamo, mwachie uamuzi mwalimu mkuu kupitia simu ile ile ya kibandani. Ukibishana hapo unapoteza mwanga mzuri wa saa nne. Kadi ya habari usiiache kamwe, utaulizwa ndani.

Sasa vifaa. Omba viandikwe, hata kama mlinzi hajasema: kamera mbili, lenzi tatu, kompyuta moja, tripodi moja, pamoja na nambari zake za utambulisho. Wengi huona ni usumbufu. Lakini shule hupoteza kompyuta na projekta, na mgeni anayetoka na kompyuta isiyoandikwa atasimamishwa mpaka maabara ihesabiwe upya. Orodha iliyochapishwa mapema, nakala mbili, moja ya kuacha kibandani na nyingine ya kutiwa sahihi ubaki nayo, huchukua dakika tatu.

Ukipewa kadi ya mgeni, ivae kifuani juu ya koti muda wote. Gari likikaguliwa, dereva afungue buti mwenyewe na kubaki hapo.

Ofisini

Kuna kitabu cha pili. Hiki kiko ofisini kwa mwalimu mkuu, mara nyingi chenye jalada gumu, na kina safu ya maoni. Maafisa wa ubora wa elimu, wanasiasa na maaskofu hutia sahihi humo. Andika "Asante kwa mapokezi" na uishie hapo. Ukiandika "shule nzuri sana" leo, kesho ukachapisha habari ya uozo wa jikoni, maneno yako yatanukuliwa dhidi yako. Ukiandika lawama, umetoa habari yako kabla ya kuithibitisha.

Kabla ya kutoka ofisini pata majibu ya maswali manne: nani atatusindikiza, wapi haturuhusiwi, wanafunzi gani wasionekane, na dharura ikitokea tukusanyike wapi. La tatu ndilo zito. Katika shule nyingi kuna watoto ambao mahali walipo ni siri: wasichana waliookolewa kutoka ukeketaji au ndoa za mapema, hasa Kajiado, Samburu na Pokot Magharibi, watoto ambao wazazi wanagombania malezi yao mahakamani, mashahidi wa kesi. Shule haitakuambia sababu, na usiulize. Omba tu msindikizaji awahamishe kimyakimya kabla ya kamera kuwashwa. Akisema "wale wa dawati la nyuma wako sawa, wa mbele hapana", geuza kamera bila kuuliza swali la pili.

Msindikizaji si jasusi, ingawa wakati mwingine hutumwa kusikiliza. Kaa naye. Mwanahabari aliyejitenga akaonekana peke yake karibu na mabweni huondolewa, na mara nyingi timu nzima huondoka naye.

Kupiga picha na kurekodi

Kanuni za maadili ya uanahabari nchini zinasema watoto wasifuatwe wala kupigwa picha wakiwa shuleni bila idhini ya wakuu wa shule. Hicho ni kima cha chini tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na picha ya uso ni data. Sheria hiyo ina nafasi kwa kazi ya uanahabari yenye maslahi ya umma, lakini nafasi hiyo ni finyu, na inamtaka mwanahabari afuate maadili ya taaluma yake. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tangu hapo walimu wakuu wanaogopa kamera kuliko walivyoogopa wakaguzi, na wana haki.

Njia rahisi ni kupiga picha pana ambazo hakuna uso mmoja unaotawala, mikono juu ya vifaa vya maabara, ubao, migongo. Kwa nyuso, tumia watoto wachache wenye fomu za idhini mkononi.

Kuficha uso peke yake hakumfichi mtoto. Sare ya shule inaonyesha shule, rangi ya tai au beji inaonyesha kidato au wadhifa, na wanafunzi wengi wameandikwa majina kwenye sweta, ndani ya ukosi au kwenye mfuko. Ukifunika uso wa kiranja wa maktaba na kuacha beji yake, wanafunzi elfu moja wamekwisha kumtambua. Kwa habari nyeti, mwombe mwalimu wa ushauri nasaha amtafutie nguo za nyumbani, au rekodi sauti peke yake na uibadilishe. Zima pia GPS ya kamera na simu kabla ya kuingia, kwa sababu faili ya picha huhifadhi mahali ilipopigwa.

Usitangaze mbashara kutoka ndani. Matangazo ya moja kwa moja hayana nafasi ya kukata uso wa mtoto asiyeruhusiwa, na yanamwambia kila mtu, pamoja na mzazi mwenye amri ya mahakama ya kutomkaribia mtoto wake, kwamba mtoto yuko wapi dakika hiyo. Rekodi, toka, kisha tangaza ukiwa nje.

Droni ni jambo lingine. Lazima iwe imesajiliwa na mwendeshaji awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na bado shule ina haki ya kukataa. Shule zilizo karibu na kambi za jeshi, kama Moi Forces Academy za Nairobi na Lanet, zina uzio ambao haupigwi picha hata kutoka ardhini. Muulize msindikizaji ni upande upi kabla ya kusimamisha tripodi.

Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye ukosi: mpe mwanafunzi aibane mwenyewe, au mwalimu wa jinsia yake. Mahojiano yakiisha ichukue papo hapo. Mara kwa mara mtoto huenda nayo, na unajikuta umerekodi mazungumzo yake na wenzake. Hayo futa bila kusikiliza.

Bwenini

Miongozo ya usalama ya wizara ya mwaka 2008 haitaki wageni mabwenini. Ukipata ruhusa maalumu kwa sababu ya habari ya usalama wenyewe, ingia wanafunzi wakiwa madarasani, ukiwa na matroni au mwalimu wa bweni, na katika shule ya wasichana timu iwe na mwanamke. Milango ifunguliwe yote. Usipige picha vitu vya kibinafsi: masanduku yaliyofunguliwa, nguo za ndani kwenye kamba, barua, picha za ukutani.

Chukua tepu ya kupimia. Miongozo hiyo inataka mlango usiopungua futi 5 unaofunguka kwa nje, madirisha bila vyuma, angalau mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na njia ya katikati ya mita 2. Vipimo vinne vilivyoandikwa mbele ya matroni vina nguvu kuliko malalamiko kumi ya wanafunzi wasiotajwa majina, na havimweki mtoto yeyote hatarini.

Kumhoji mwanafunzi

Angalia umri kwanza. Wengi wa kidato cha nne wamefika 17 au 18. Aliyetimiza 18 anatia sahihi yake mwenyewe, ingawa kanuni za shule bado zinamhusu. Chini ya hapo, mzazi. Gredi ya 10 wote wachukulie kuwa watoto.

Katika shule ya bweni mzazi yuko mbali, na hapa ndipo kazi nyingi hukwama. Fomu zitumwe nyumbani wakati wa likizo fupi ya katikati ya muhula au zijazwe siku ya wazazi kutembelea, kwa hiyo panga kazi yako kuzunguka tarehe hizo. Mwalimu mkuu akikuambia "mimi ndiye mzazi wao hapa", mshukuru, kisha muulize kama fomu ya kujiunga na shule ilikuwa na kipengele cha idhini ya picha na habari. Kama kipo, omba kuona nakala. Kama hakipo, neno lake linafungua lango lakini halibebi idhini ya mzazi. Fomu yenyewe iwe kwa Kiswahili au lugha ambayo mzazi anasoma, nakala tatu: mzazi, shule, chombo.

Mhojie mahali mnapoonekana lakini msikoweza kusikika, kwa mfano benchi chini ya mti mkabala na dirisha la chumba cha walimu. Msindikizaji akikaa kando yenu, mtoto atajibu kama anajibu mtihani. Akiwa mbali kabisa, umejiweka katika hali mbaya ya kutuhumiwa. Hatua kumi hivi zinatosha. Mwambie mtoto kabla ya swali la kwanza kwamba anaweza kukataa swali na anaweza kuacha wakati wowote. Na umwambie kitu ambacho watu husahau: kwamba mwalimu ataisoma habari hiyo.

Utaombwa simu. "Tafadhali, nimpigie tu mama." Kataa, hata kama moyo unauma, kwa sababu mtoto akipatikana ametumia simu ya mgeni anaweza kupewa adhabu ya kwenda nyumbani. Mwelekeze kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Usitoe pesa, vitafunio wala kalamu zenye nembo ya kituo. Karatasi iliyokunjwa ukipenyezewa mkononi, iweke mfukoni bila kuifungua hapo na usimtafute mwandishi wake mbele ya watu. Ikisimulia dhuluma, isome na mhariri siku hiyo hiyo. Simu ya msaada wa watoto ni 116, bila malipo.

Muhula wa mtihani

Mtihani wa KCSE, wa kumaliza shule ya upili, ukianza, shule ni kituo cha mtihani na mwalimu mkuu ni msimamizi wake. Tangu 2016 ziara, ibada za maombi na sherehe zimepigwa marufuku muhula wa tatu, na mwanahabari ni mgeni kama wengine. Kinachoruhusiwa ni kufuata msafara rasmi wa wizara, hasa ufunguzi wa makontena ya karatasi asubuhi na mapema kwenye ofisi za kaunti ndogo. Hapo simama nje ya mstari utakaoonyeshwa na usielekeze lenzi kwenye bahasha iliyo wazi. Chumba cha mtihani hakiingiwi. Picha ya karatasi ya mtihani, hata ile iliyokwisha kufanywa asubuhi, ikionekana kwenye simu yako ukiwa kituoni inaweza kukupeleka mahakamani chini ya sheria ya KNEC, baraza la mitihani la taifa. Watahiniwa wahoji baada ya karatasi ya mwisho, nje ya lango, wazazi wao wakiwepo.

Michezo na tamasha

Mashindano ya shule, ya mpira, muziki au drama, yana kamati ya maandalizi inayotoa kadi zake. Kadi hiyo inakuingiza uwanjani tu. Madarasa ya shule mwenyeji, ambayo hutumika kulaza timu, ni mabweni kwa siku hizo na sheria za bweni zinatumika. Mchezaji anayeshangilia bao amejitokeza hadharani, na picha yake uwanjani haina utata. Picha yake akilia nyuma ya jukwaa iache.

Kukitokea moto au vurugu

Sahau barua. Lango litafungwa, wazazi watajaa, polisi watafika. Kaa upande wa wazazi bila kuziba njia ya gari la wagonjwa, na egesha gari lenu mbali, likielekea nje. Wa kuzungumza nao ni mwalimu mkuu, mwenyekiti wa bodi ya shule, mkurugenzi wa elimu na kamanda wa polisi wa kaunti ndogo. Idadi ya waliofariki ipate kwa mmoja wa hawa, si kwa mzazi anayelia. Usitaje jina la mwanafunzi kabla ya familia yake kuambiwa, wala la mwanafunzi anayeshukiwa: Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha yake. Wanafunzi wanaotoka usiku huwa na nguo za kulalia. Elekeza kamera kwenye jengo.

Polisi wakikuamuru usogee, sogea, kisha uliza jina la afisa aliyetoa amri na uliandike na saa yake. Ubishi ufanywe kesho na mhariri.

Ukivuka kwenda Tanzania

Shule za sekondari za umma ziko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, kupitia halmashauri, kwa hiyo barua humpitia mkurugenzi wa halmashauri na afisa elimu sekondari kabla ya kumfikia mkuu wa shule. Ukifika na barua ya mkuu wa shule peke yake utaambiwa urudi halmashauri. Zanzibar ina wizara yake ya elimu, na kibali cha bara hakitoshi huko. Idhini ya mzazi huangukia chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kutoka na baada ya kutoka

Rudi ofisini kwanza, muage mwalimu mkuu, mwambie umezungumza na nani na habari inatarajiwa lini. Usiahidi kumpa aisome kabla haijatoka. Unaweza kumsomea nukuu zake mwenyewe. Getini, rudisha kadi ya mgeni, linganisheni orodha ya vifaa, kila mtu aandike saa yake ya kutoka na kutia sahihi. Akikosekana mmoja wenu, gari lisiondoke.

Mlinzi au mwalimu akitaka ufute picha, usifute wala usimpe kadi ya memori. Mwombe aandike malalamiko kwa mhariri, mwambie picha inayobishaniwa haitatumika mpaka jambo liamuliwe, na utimize hivyo. Isipokuwa ni ya mtoto uliyeambiwa asipigwe: hiyo ifute mbele yake, pamoja na nakala iliyo kwenye wingu ikiwa simu yako hupakia yenyewe.

Fomu za idhini zihifadhi ofisini kwa kufungiwa, si kwenye begi la kamera. Video ghafi zenye nyuso za watoto zisibaki kwenye kompyuta za watu binafsi. Zihamishie hifadhi moja yenye nywila, na kila faili iandikwe idhini ilikuwa ya matumizi gani. Miaka miwili baadaye mtu atatafuta picha ya darasa kwa ajili ya habari ya mimba za utotoni, na ataichukua hiyo ya wasichana wa maabara isipokuwa jina la faili limemkataza.